Kilio cha Akiba

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na kilio changu kimekwisha kupangwa kichwani, neno la kwanza hadi la mwisho, nikingoja shemeji yangu afe nikitumie. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Nilikitunga nikikunja mitumba yangu sokoni Nyakoe, nikakirekebisha nikichuma majani chai, nikatoa maneno yaliyolegea na kutia makali palipohitaji makali. Kwetu mtu anayelia matangani hakatizwi. Mwanamke akisimama mbele ya watu akaanza kuomboleza, anaweza kutaja kila alichotendewa na marehemu, na wazee watainamisha vichwa mpaka amalize. Hakuna kikao cha ukoo kitakachokupa nafasi kama hiyo. Ukijaribu kusema kikaoni utaambiwa ukae, wewe ni mwanamke wa kuolewa. Kwa hivyo niliacha kulalamika, nikangoja matanga.

Shemeji ndiye kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Anaishi Nairobi, anajenga barabara za watu, ana mali na ana sauti. Akikohoa, ukoo mzima unatafuta dawa. Mume wangu alipofariki ghafla, mimi nilikuwa hospitali mjini Kisii, nimepasuliwa tumbo, siwezi hata kujigeuza kitandani. Nilituma ujumbe nyumbani: mningoje, hata mnibebe kwa machela, nimtupie mume wangu udongo. Shemeji akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mama watoto hana nguvu. Tusimsumbue." Akamzika ndugu yake siku iliyomfaa yeye, akarudi Nairobi kwa kazi zake. Mimi nilifika nyumbani nikakuta udongo umekauka na maua ya karatasi yamepauka.

Hilo peke yake lilitosha kunifanya nimchukie. Lakini hakuishia hapo. Kaburi liko sehemu ya juu ya shamba letu, kando ya migomba, na huko huko juu ndiko alikoamua kujenga nyumba yake ya kuja kupumzikia. Alizungusha nguzo na seng'enge, akaweka lango la chuma, mbwa, na mlinzi aliyekuwa na amri moja tu: asiingie mtu mpaka mwenyewe apigiwe simu. Basi ikawa nikitaka kung'oa magugu kwenye kaburi la mume wangu, naomba ruhusa kwa simu kama mtu anayeomba kazi. Mara nyingi simu haikushikwa. Nyasi zikamea mpaka nikisimama kwenye seng'enge sioni tena tuta lenyewe, naona majani tu. Nilichotaka kilikuwa kidogo, njia ya kwenda kwa mume wangu, na hicho ndicho alichoninyima.

Mama mkwe wangu, Msabato wa kindakindaki, aliniambia nimwachie Mungu. Nilimwachia Mungu, lakini kilio nilikiweka mwenyewe.

Kisha shemeji akaanza kuja nyumbani kwa ndege. Rafiki yake mmoja alikuwa nayo, ndege ndogo ya injini moja inayonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Ilitua kwenye uwanja wetu mdogo wa nyasi, ambao siku nyingine zote ni wa ng'ombe na wa wanafunzi wanaokata njia. Ijumaa anashuka, Jumapili anapaa. Na kila akiondoka ilikuwa lazima tumsindikize, familia nzima, tusimame pale tupunge mikono mpaka awe nukta angani. Mume wangu alizoea kusema, aliye juu mngoje chini. Nilikuwa nikipunga mkono huku nikilitafuna neno hilo.

Jumapili ninayoikumbuka ilikuwa baada ya mvua ya usiku kucha. Tulifika uwanjani na mizigo, kwa sababu mtu wa kwetu hasafiri mikono mitupu, na anayekwenda Nairobi ndiye gari la kila mtu. Huyu ameleta mkungu wa ndizi umpelekee binti yake, yule unga wa wimbi, mwingine gunia la maparachichi, mwingine miwa, mwingine kuku wawili waliofungwa miguu. Mimi nilikuwa nimebeba mkungu wa mama mkwe. Rubani, kijana mwembamba mwenye shati jeupe, aliitazama ile milima ya vyakula akashika kiuno.

"Mzee, hii si lori ya ndizi."

"Unataka nimwambie mama yangu arudi nyumbani na baraka zake?" shemeji akamuuliza, na mama mkwe akiwa amesimama pale pale. Rubani akaanza kupakia.

Tulidhani tumemaliza. Ndipo pikapu kutoka Tabaka, kwa wachonga mawe, ikaingia uwanjani, na wanaume wanne wakateremsha kitu kilichofungwa kwa magunia. Kilipofunuliwa, tukamwona shemeji mwenyewe, kuanzia kifuani kwenda juu, amechongwa kwa jiwe la Tabaka, jeupe lenye michirizi ya waridi, limesuguliwa mpaka linang'aa. Alitaka kuliweka kwenye mapokezi ya ofisi yake. Pua alikuwa ameomba ipunguzwe, hilo lilionekana wazi. Tai ilichongwa vizuri kuliko uso. Lakini masikio yalikuwa yake kabisa, makubwa, yamesimama wima. Nilijisemea, ameyalipia masikio mapya na yale ya zamani hajawahi kuyatumia.

"Mzee, hilo tuliache. Nyasi zimelowa," rubani akasema.

"Hilo ndilo lililonileta. Wewe endesha ndege, mambo ya mizigo niachie mimi."

Wakalisukuma nyuma ya kiti chake. Pasta akaomba, akaombea injini, akaombea mabawa, akaombea mikono ya rubani. Mizigo hakuiombea. Ndege ikaenda mpaka mwisho wa uwanja, ikageuka, ikanguruma, ikaja. Ilitupita ikirusha maji ya matope, tukapunga mikono. Ikaendelea kukimbia. Tulizoea kuiona ikinyanyuka ikifika kwenye kile kichaka cha lantana, lakini kichaka kikapitwa na magurudumu bado yanakata nyasi. Mtu mmoja akasema, "Mbona haipandi?" Ikaruka kidogo, kama kuku anayefukuzwa jikoni, ikashuka tena kwa kishindo. Gurudumu moja likazama, bawa likagusa chini, ikazunguka, na pua yake ikaingia kwenye shamba la nepia, majani marefu ya kulishia ng'ombe, la jirani wa uwanja. Nepia ikaifunika nusu. Haikuwaka moto. Kukawa kimya, halafu kuku mmoja akatoka kwenye majani, kamba bado mguuni, akaenda zake.

Tukakimbia. Rubani alikuwa ametoka mwenyewe, ameushika mkono wake wa kushoto, amekaa kwenye matope akirudia neno moja: "Nilisema. Nilisema." Wanaume wakamvuta shemeji nje wakamlaza kwenye nyasi. Macho yamefumba, damu inatoka kwenye paji la uso, ngozi imekuwa ya majivu. Na suruali yake ilikuwa imenaswa na chuma ikachanika kuanzia kiunoni hadi gotini, pamoja na cha ndani.

Nyuma yangu nilisikia mama mkwe anakuja, analia, anaita jina la mwanawe. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mama hauoni uchi wa mwanawe aliyekwisha tahiriwa, wala mtoto hauoni wa mzazi, na hilo halina "samahani, nilikuwa na haraka." Macho yakishaona yameona, na wote wawili watabeba uzito huo. Sikufikiri. Nilifungua leso yangu kiunoni nikamtupia shemeji. Sikumfunika kwa huruma, nilimfunika kwa ajili ya macho ya mama yake. Hata chuki ina adabu zake.

Manyunyu yakaanza. Wanaume wakaona maji yanaingia kwenye kidonda, wakaivuta ile leso juu mpaka ikafunika na uso. Leso ni ndefu, na yeye si mrefu kama anavyojiona. Wakamnyanyua hivyo, zimebaki nyayo tu, wakambeba kuivuka nusu ya uwanja mpaka kwenye ile pikapu ya Tabaka, ikaondoka naye na rubani kwenda hospitali. Sasa wewe fikiria uko upande wa pili, umekuja kusindikiza mtu, ndege imeanguka, halafu unaona mwanamume anabebwa amefunikwa leso kuanzia kichwani. Utawaza nini? Mwanamke mmoja kule akaweka mikono kichwani akapiga yowe. Mwingine akampokea. Simu zikatoka mifukoni. Na mimi mwenyewe, niliyemwona uso wake kabla haujafunikwa, niliamini amekwenda.

Tulipofika nyumbani kilio kilikuwa kimetutangulia. Kijiji kizima kilikuwa kinalia. Wanawake walikuwa wanapanda na kushuka uani, mikono juu, viti vimeanza kuletwa kutoka kanisani, naibu wa chifu amekwisha kuketi. Wanaume wawili walioandamana na pikapu walipigiwa simu hazikushikwa. Mama mkwe akakaa chini kwenye udongo akanyoosha miguu, na wenzake wakamzunguka. Nami nikajua siku yangu imefika.

Nilisimama katikati ya uwanja wa nyumba. Nilikuwa sina leso, nimebaki na gauni la kanisani lenye matope. Nikafungua kinywa.

"Shemeji, umeenda! Umeenda na ndege, ukaniacha mimi na miguu! Nani sasa atanifungulia lango? Nani atanishikia simu nikitaka kwenda kwa mume wangu? Ulimzika ndugu yako mimi nikiwa nimeshonwa tumbo kama gunia. Nililia mningoje, ukasema sina nguvu! Nguvu za kutupa udongo zinataka nini? Mkono mmoja! Nilikuwa nao! Ukamwekea ndugu yako seng'enge, ukamwekea mbwa. Aliiba nini huyo, mpaka umfunge hata akiwa amekufa? Nimesimama kwenye waya wako na jembe begani kama mwizi. Mlinzi ananihurumia, mbwa ananijua, wewe ndugu ndiye hunijui! Nenda, shemeji. Nenda umkute. Akikuuliza mke wangu alikuwa wapi siku ile, umjibu. Umjibu huko, maana hapa hukunijibu!"

Nililia hivyo mpaka sauti ikakatika, na nilipoanza upya haikuwa sauti tena, ilikuwa pumzi tu. Hakuna aliyenikatiza. Naibu wa chifu alikuwa akitazama viatu vyake. Wazee waliokula nyama siku ya kuzindua lile lango walikuwa wameinamisha vichwa. Mama mkwe akainua uso kutoka pale chini, akatazama kule juu, akasema kwa Kigusii, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fungueni lango."

Mlinzi akafungua. Vijana walikuwa wanatafuta kuni za kuwapikia waombolezaji, na kuni zote zilikuwa zimelowa. Mmoja akashika nguzo ya ua, akaitikisa, ikatoka. Nguzo zilikuwa kavu kwa ndani, mbao ya kigeni iliyokaangwa dawa. Wakaendelea kuzing'oa moja baada ya nyingine. Mimi sikuwatuma, na sikuwazuia. Nilipita katikati yao nikaenda moja kwa moja kwenye nyasi ndefu, nikazilaza kwa mikono mpaka nikalipata tuta. Nikachukua udongo, umelowa, mzito, nikautupa pale juu. Halafu nikamlilia mume wangu. Kilio hicho sikuwa nimekipanga, na maneno yake siyakumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na furaha na nilikuwa nalia, vyote pamoja.

Jua likielekea kushuka, mmoja wa wale wanaume wawili akafika na bodaboda, anapunga mikono tangu barabarani.

"Ako hai! Amevunjika mguu na mbavu tu! Ameamka anaitisha chai!"

Mama mkwe akapiga magoti akamshukuru Mungu, na nilimwonea furaha, kweli, kwa sababu ni mwanawe. Wengine wote waligeuka wakanitazama. Sufuria za ugali zilikuwa zinachemka juu ya nguzo za shemeji. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Sasa hiki chakula?" Tukakila.

Wazee walikaa kesho yake, na kwa mara ya kwanza walikaa bila kumsubiri mkubwa wao. Wakasema mtu aliyekwisha kuliliwa hawezi kurudi kwake kama anayetoka sokoni, lazima mbuzi achinjwe kwanza. Wakasema nguzo zilizopikia matanga hazisimamishwi tena mahali zilipotoka. Na wakasema maneno yaliyotamkwa kwenye kilio chake yasemwe tena mbele yake, akiwa mzima, la sivyo yatamwandama. Sijui kama yote hayo ni mila ya zamani au mengine waliyatunga pale pale kwa aibu. Sikuuliza.

Nilimpelekea chakula hospitalini mwenyewe, ugali wa wimbi na chinsaga, mboga anayoipenda. Watu wakaniita mwenye moyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona amelala. Mguu ulikuwa umefungwa plasta na kuning'inizwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kumbe hata asiyesikia la rubani.

"Nasikia ulinililia, shemeji," akasema.

"Sana. Unaona hata sauti haijarudi."

"Nikitoka hapa, ile fensi inasimama tena. Wazee gani hao? Si ni mimi nawalisha?"

"Jumapili tunaweka jiwe kwenye kaburi la ndugu yako," nikamwambia. "Pasta amekubali. Mama amekubali."

Akajaribu kuinuka, mbavu zikamrudisha. "Mningoje. Mimi ndiye mkubwa, siwezi kukosa. Hata mnibebe kwa machela."

Namuapia msomaji, alitamka maneno yale yale. Hakujua ni yangu. Nikamtazama nikatosheka, nikamvuta blanketi mpaka kifuani.

"Huna nguvu, shemeji," nikamwambia. "Tusikusumbue."

Nikachukua vyombo vyangu nikatoka. Kwenye ngazi za hospitali nilicheka mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimejifungua salama.

Lile jiwe lilikuwa limebaki kwenye nepia, pua imevunjika. Mama mkwe alisema limekaribia kumwulia mtoto, sasa likafanye kazi ya maana. Tukalirudisha Tabaka. Mchongaji alisikitika kuiharibu kazi yake, lakini akaondoa uso, akaondoa tai, akalinyoosha mbele likawa bamba la kuandika jina la mume wangu. Nilimwomba aache sikio moja, upande wa nyuma, chini kabisa karibu na udongo.

"Sikio la nini, mama?"

"Wewe liache tu."

Shemeji alikuja nyumbani kwa gari, na kwa magongo, wakati mahindi yameanza kubeba. Mbuzi akachinjwa. Kisha wazee wakamsimamisha pale juu kando ya kaburi, ambapo hakuna ua wala lango, na njia imekwisha kuwa nyeupe kwa miguu yangu. Akalitazama jiwe. Akazunguka nyuma yake polepole kwa magongo, akaliona lile sikio, na nikauona mkono wake ukipanda wenyewe kwenda kulishika sikio lake.

Nikaanza. Nilimlilia kilio chote, tangu ndege na miguu mpaka umjibu huko, uso kwa uso, yeye akiwa hai na hana mguu wa kukimbilia. Wazee wameinamisha vichwa, mama mkwe analia kwa ndani. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nimesikia, mama watoto."

Watu wakasema amina. Pasta akanishika bega, akaniambia sasa yameisha, nimjibu shemeji. Lakini mimi nilikuwa nakikunja kilio changu taratibu, kama ninavyokunja mitumba jioni, nikikirudisha mahali pake, kwa sababu shemeji siku moja atakufa kweli, na siku hiyo nitakihitaji.